Testosteroni ya wanawake kwenye seramu: mashine mbili, majibu mawili. Tufuate lipi?

benchi_pemba (Chake Chake)

Assalaam alaykum wataalamu.

Kuna seramu 12 za wanawake, wachezaji wa mpira na wakimbiaji. Zimepimwa testosteroni kwa imunoasei ya hospitali, kisha vichupa vya pili vya damu ile ile vikapelekwa bara kupimwa kwa spektrometa ya masi. Kwamba majibu yangetofautiana lilijulikana. Linalosumbua ni kwamba tofauti haina mwendo. Namba 4 imunoasei imempa 2.1 nmol/L, spektrometa 0.7. Namba 7 ni 0.9 kwa 0.8. Namba 9 imegeuka kabisa, 0.3 kwa 0.6. Ingekuwa tofauti ya asilimia moja kwa wote tungezidisha tukamaliza.

Ninachotaka kujua ni kwa nini iko hivi, na damu ichukuliwe na itunzwe vipi kwa mazingira yetu ya joto na umeme wa kukatika. Pili, wasichana wengine wanatumia vidonge vya majira, wengine sindano. Wachanganywe na wenzao au watengwe? Tatu, kuna kiongozi wa timu keshaanza kusema huyo wa 2.1 "anatumia kitu". Nataka jibu la kitaalamu la kumpa kabla maneno hayajafika mtaani.

kromato_unguja

Waalaykumu ssalaam ndugu yangu.

Anza na huyo namba 4, maana heshima ya mtu iko mezani. Kwa 2.1 ya imunoasei pekee hakuna anayeweza kusema neno lolote juu ya msichana yule. Mwambie kiongozi hivyo hivyo, waziwazi.

Sababu ni hii. Mwanamume mzima ana testosteroni kama 8 mpaka 30 nmol/L. Mwanamke mara nyingi yuko chini ya 2, na wengi wako chini ya 1. Imunoasei haiioni testosteroni yenyewe. Inategemea kingamwili inayonasa umbo, na steroidi zote, jamii ya homoni hii, zimejengwa kwa kiunzi kile kile cha pete nne. Kwa mwanamume, testosteroni ni nyingi na vinavyofanana nayo havina nguvu ya kupotosha. Kwa mwanamke hali inageuka. Chukua DHEA salfeti, homoni ya tezi za adrenali, ambayo kwenye damu ya mwanamke kijana iko mikromoli kadhaa kwa lita. Tuseme 5 µmol/L, yaani 5,000 nmol/L. Kingamwili ikiikosea kwa sehemu moja tu katika elfu kumi, hiyo ni 0.5 nmol/L ya uongo imeshaongezwa juu ya mtu ambaye yake halisi ni 0.7. Na DHEA salfeti inatofautiana sana mtu na mtu, umri na umri. Ndiyo maana tofauti zenu hazina mwendo na hazitakuwa nao. Usitafute namba ya kuzidishia, haipo.

Kuna mengine mawili ya kuuliza. Biotini, vile vidonge vya nywele na kucha: mashine nyingi hutumia biotini na streptavidini kushikilia kipimo, na kwa kipimo cha ushindani kama cha testosteroni, biotini nyingi kwenye damu hulifanya jibu lipande. Na norethisteroni. Baadhi ya vitendanishi vya testosteroni huinasa norethisteroni kana kwamba ni testosteroni. Kwetu hii si dawa ya kupanga uzazi peke yake. Ni ile ile ya miligramu 5 wanayomeza wanawake kuahirisha hedhi wakienda Hija au Umra, au ili wafunge Ramadhani yote bila kukatiza. Fomu ikiuliza "unatumia dawa ya uzazi wa mpango?" msichana atajibu hapana, na atakuwa mkweli. Swali liwe: "Mwezi huu umemeza kidonge chochote cha kuzuia au kuchelewesha hedhi?" Spektrometa haidanganyiki hapo: testosteroni iliyochajiwa ina masi 289, norethisteroni 299.

Kuhusu namba 9 aliyeshuka: testosteroni nyingi imefungwa kwenye proteni, SHBG na albumini. Imunoasei ya moja kwa moja haina hatua ya uchujaji, inategemea kemikali ya kuifungua. SHBG ikiwa juu, sehemu hubaki imefungwa na jibu hutoka dogo. Vidonge vya majira vyenye estrojeni hupandisha SHBG sana. Angalia kama huyo yuko huko.

Sasa kazi ya benchi. Mikrolita 150 za seramu zinatosha. Tia kiwango cha ndani, yaani kemikali ya kulinganishia: testosteroni yenye kaboni 13 (kaboni nzito) tatu na androstenedioni, homoni jirani yake, yenye kaboni 13 tatu, kwa kiasi kile kile kwenye kila chupa, kalibreta na kontroli zikiwemo. Tikisa, kisha acha dakika 15. Wengi huruka hapa. Kiwango cha ndani lazima kipate nafasi ya kujishika kwenye proteni kama testosteroni ya mgonjwa ilivyoshikwa. Ukichuja papo hapo, kimoja hutoka kwa urahisi kuliko kingine na jibu lako linapinda bila wewe kuona.

Halafu mililita 1 ya metili-tati-butili etha, tikisa dakika 10, zungusha, gandisha maji ya chini kwa ubaridi mkali, mimina tabaka la juu kwenye chupa safi. Kausha kwa naitrojeni kwenye nyuzi 40. Yeyusha kwa mikrolita 50 za methanoli na maji nusu kwa nusu. Itifaki za zamani hutaka dietili etha. Kwetu iache. Inachemka kwenye nyuzi 34 na kitu, na chumba ambacho kiyoyozi kimezimika saa mbili kinakaribia hapo. Mvuke wake ukutane na swichi, ni moto. Hata hiyo metili-tati-butili etha, ambayo inachemka nyuzi 55, hudondoka kwenye ncha ya pipeti kukiwa na joto. Nyonya na rudisha mara tatu ili ncha ijae mvuke, ndipo upime.

Ili uone udogo wa kitu chenyewe: mwanamke mwenye 0.5 nmol/L ana nanogramu 0.144 kwa mililita. Kwenye mikrolita 150 hiyo ni pikogramu kama 22. Ukiyeyusha kwa 50 na kudunga 20, kinachoingia kwenye kolamu ni pikogramu 8 au 9, tena kama hujapoteza kitu njiani. Kwa hiyo kila plastiki, kila kiyeyushi, kila chupa ya glasi iliyooshwa vibaya ina uwezo wa kukuharibia. Pitisha chupa tupu yenye maji badala ya seramu katika kila mfululizo. Ikionesha kilele mahali pa testosteroni, simamisha kazi utafute chanzo.

Kolamu ya C18, milimita 2.1 kwa 100, punje chini ya mikromita 2, nyuzi 40, maji na methanoli vyenye asidi fomiki asilimia 0.1. Testosteroni fuatilia 289 kwenda 97 (masi ya molekuli nzima kwenda masi ya kipande chake) kwa kupima na 289 kwenda 109 kwa kuthibitisha. Androstenedioni 287 kwenda 97 na 109. Viwango vya ndani 292 kwenda 100 na 290 kwenda 100. Usiharakishe mwendo wa kolamu ili umalize sampuli nyingi. Epitestosteroni ina masi ile ile 289 na vipande vile vile, inatofautiana na testosteroni kwa kaboni ya 17 kuelekea upande mwingine tu. DHEA nayo ina masi hiyo hiyo. Androstenedioni ni 287 lakini isotopu zake nzito hufika 289, na kwa mwanamke ndiyo iliyo nyingi. Spektrometa peke yake haiwezi kuwatenganisha hawa. Kolamu ndiyo inayowatenganisha. Dunga mchanganyiko wa zote nne kila asubuhi uone vilele vimeachana kweli, vimerudi chini kabisa kati yao.

Uwiano wa 97 kwa 109 wa mgonjwa ulingane na wa kalibreta. Ukipotoka zaidi ya robo, kuna mgeni chini ya kilele na jibu hilo halitolewi.

Kalibreta zianze 0.05 zifike 10 nmol/L, na nukta nyingi ziwe chini ya 2. Anayeweka nukta 1, 10, 20 na 40 ametengeneza kipimo cha wanaume. Usahihi mpime kwa seramu ya marejeo ya NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, SRM 971, ambayo ina kundi la wanawake na la wanaume. Mpango wa CDC, taasisi ya afya ya Marekani, wa kusawazisha vipimo vya homoni unataka wastani wa upotofu wa testosteroni usizidi asilimia 6.4. Maabara inayowapimia huko bara iulizeni hayo mawili. Wasipokuwa na jibu, basi hata 0.7 yao ipokeeni kwa tahadhari.

benchi_pemba (Chake Chake)

Ahsante sana, Allah akulipe. Namba 9 kweli yuko kwenye vidonge vya majira. Namba 4 fomu imeandikwa hapana, swali la kuchelewesha hedhi halikuulizwa. Atarudiwa kwa adabu, na muuguzi wa kike.

Mawili ya haraka. Sentrifuji yetu ina dayali ya mizunguko tu, haina g, yaani nguvu ya kuvuta. Na hiyo androstenedioni inapimwa ya nini kama tunachotafuta ni testosteroni?

kromato_unguja

Pima kwa rula kutoka katikati ya mhimili mpaka kitako cha tyubu ikiwa imelala kama inavyolala ikizunguka. Hiyo ni r kwa sentimita. g ni sawa na 0.00001118 mara r mara mizunguko kwa mizunguko. Kwa r ya sentimita 12, g 1,500 unaipata kwenye mizunguko kama 3,350. Kwa sentimita 10 ni kama 3,660. Dakika 10. Bandika karatasi juu ya mfuniko ili wa zamu ya usiku asikisie.

Androstenedioni nawaachia wanaojua wanawake kuliko mimi.

bi_homoni

Ndugu zangu, hapa ndipo penye roho ya jambo.

Pasipoti ya kibayolojia ya mwanariadha, yaani rekodi ya vipimo vyake vya miaka ili kugundua dawa zilizokatazwa, ilianza na damu, chembe nyekundu na himoglobini, mwaka 2009. Mwaka 2014 ikaongezwa steroidi za mkojo: testosteroni, epitestosteroni na wenzao wanne, na uwiano maarufu wa testosteroni kwa epitestosteroni. Kwa wanaume ilisaidia. Kwa wanawake ilikuwa inayumba. Testosteroni ya mkojo wa mwanamke mara nyingi iko pembezoni mwa kinachoweza kupimwa. Epitestosteroni hupanda na kushuka na mzunguko wa hedhi. Vidonge vya majira huiangusha epitestosteroni, kwa hiyo uwiano unapanda na mtu hajagusa chochote kilichokatazwa. Kuna na wasio na jeni ya UGT2B17, ambao testosteroni haitoki vizuri kwenye mkojo wao hata wakijidunga. Mwaka 2023 WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, ikaongeza steroidi za damu ndani ya pasipoti, na alama zake ni testosteroni ya seramu na uwiano wa testosteroni kwa androstenedioni.

Kwa nini androstenedioni? Kwa sababu inatengenezwa na ovari na tezi za adrenali, na sehemu ya testosteroni ya mwanamke inatokana nayo. Mwili ukizalisha zaidi kwa sababu yake wenyewe, kwa mfano ovari zenye vifuko vingi, zote mbili huelekea kupanda pamoja na uwiano hauendi mbali. Testosteroni ikitoka nje, iwe jeli ya kupaka au sindano, inapanda peke yake. Mfano wa hesabu tu: leo testosteroni 0.8 na androstenedioni 3.2, uwiano 0.25. Mwezi ujao testosteroni 2.4 na androstenedioni 3.0, uwiano 0.8. Huo uwiano wa 0.8 ndio unaopiga kelele, kuliko hata 2.4 yenyewe. Kwa jeli ya kiasi kidogo kwa wanawake, damu imeonekana kushika vizuri kuliko mkojo.

Ila uwiano huo una njia za kupotoka ambazo si dawa, na zote zinategemea nani amechukua damu na saa ngapi.

Saa. Androstenedioni hufuata mwendo wa kotisoli: juu alfajiri na asubuhi, chini jioni. Testosteroni ya mwanamke nayo hushuka jioni lakini si kwa kasi ile. Ukimchukua mtu saa 2 asubuhi mwezi wa Shaabani, halafu Ramadhani ukamsubiri mpaka baada ya tarawehe, umebadilisha uwiano wake bila kumgusa. Chagueni saa moja mkae nayo. Ikibidi kuchukua usiku, andikeni saa kamili, msiandike "jioni".

Mkao. Akae kitini, miguu sakafuni, dakika 10 kamili kabla ya sindano. Aliyelala damu yake hupata maji zaidi na kila kilichofungwa na proteni huonekana kimepungua. Aliyetoka mbio ni kinyume chake. Baada ya mazoezi mpeni saa mbili.

Mkono. Hili naliandika kwa herufi nzito: msichukue damu kwenye mkono uliopakwa kitu. Jeli ya testosteroni ikiwa kwenye ngozi ya kiwiko, sindano inapita nayo na jibu hutoka la ajabu, juu kuliko chochote kinachoelezeka. Na si lazima awe ameipaka mwenyewe. Mume akiwa anatumia jeli ya hospitali, huhamia kwa mke kwa kugusana. Osha kwa maji na sabuni kwanza, ndipo spiriti. Hina haina neno. Mafuta na krimu ya mkono, osha.

Siku ya hedhi. Katikati ya mzunguko, yai linapokaribia kutoka, testosteroni na androstenedioni hupanda kidogo zote mbili. Hakuna haja ya kuwakataa watu katikati ya mwezi, andikeni tu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho na urefu wa kawaida wa mzunguko wake. Mkitaka uhakika badala ya kuhesabu vidole, pimeni projesteroni kwenye seramu hiyo hiyo. Ikizidi 16 nmol/L wiki moja hivi kabla ya hedhi, yai lilitoka. Mwanariadha anayefanya mazoezi makali na kula kidogo anaweza kuona damu kila mwezi bila yai kutoka, kwa hiyo kalenda peke yake haitoshi.

Dawa za majira sasa. Zisichanganywe kama kitu kimoja. Vidonge vyenye estrojeni huzima ovari, hupandisha SHBG, na testosteroni na androstenedioni hushuka. Sindano ya miezi mitatu huzima ovari bila kupandisha SHBG. Vijiti vya mkononi vya levonojestreli huishusha SHBG kidogo. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Kwa hiyo fomu yenye kisanduku kimoja, "uzazi wa mpango: ndiyo / hapana", haifai kitu. Andikeni aina, jina la dawa, na tarehe alipoanza au alipodungwa mara ya mwisho. Aliyebadilisha njia katikati ya mfululizo, chora mstari hapo, maana msingi wake umehama. Msiwatoe kwenye orodha. Linganisheni kila mmoja na yeye mwenyewe.

Ujauzito hupandisha testosteroni ya jumla kwa sababu SHBG hupanda. Jibu likitoka la juu kwa msichana, swali hilo liulizwe faragha na mtu anayejua kuuliza, kwa sababu jibu lake linaweza kumletea matatizo nyumbani makubwa kuliko ya michezo. Matokeo ya homoni ya mwanamke kiongozi wa timu hayamhusu mpaka mwenyewe akubali. Majibu ya namba 4 kiongozi ameyajuaje? Anzeni kuziba hapo.

mizigo_baridi (Malindi, Unguja)

Kuhusu safari. Seramu: tyubu isimame wima dakika 30 mpaka 60 igande, kivulini, si juu ya barafu. Kuganda nusu nusu kunaacha nyuzi zitakazoziba pipeti. Zungusha, tenganisha ndani ya saa mbili tangu kuchukua. Chembe nyekundu zina vimeng'enya vinavyogeuza androstenedioni kuwa testosteroni na kinyume chake. Damu iliyokaa siku nzima kwenye kikapu ikisubiri boti tayari ina uwiano ambao si wa mwanamke yule. Ikitoka nyekundu kwa kuvunjika chembe, andika hivyo, usinyamaze.

Tyubu za jeli ni rahisi, lakini jeli nyingine huachia kitu kinachoingilia spektrometa. Jaribu tyubu tupu ya aina hiyo kwanza, na usibadilishe aina katikati ya mfululizo kwa sababu duka limeishiwa.

Gawa vichupa vitatu vya mikrolita 500. Umeme wetu mnaujua, Unguja iliwahi kukaa gizani kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Kichupa kilichoyeyuka na kuganda mara tatu kitupe. Weka kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake ndani ya friza. Ukiikuta sarafu imezama, umeme ulikatika muda mrefu na hakuna aliyekwambia.

Barafu kavu agiza kabla hujachukua damu. Boksi la povu la siku mbili litake kilo 5 mpaka 10. Usilifunge kwa utepe pande zote, gesi lazima itoke. Usilibebe ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa wala kwenye chumba cha boti kisicho na hewa. Ndege hutaka lebo ya UN3373 kwa sampuli na UN1845 kwa barafu kavu, na uzito wake uandikwe.

Haya ni ya utafiti wenu. Damu ya udhibiti rasmi wa dawa ni jambo jengine: inasafiri kwenye ubaridi wa friji, haigandishwi, chupa zina mihuri na kifaa cha kurekodi joto kimo ndani ya boksi.

benchi_pemba (Chake Chake)

Matone makavu ya damu kwenye karatasi je? Yangetuondolea friza na boti.

kromato_unguja

Yana kazi yake, lakini si hii. Yakikubaliwa kwenye udhibiti ni kwa sababu yanashika vizuri esta za testosteroni, yaani testosteroni ya sindano iliyounganishwa na asidi, kama enantheti na undekanoeti. Mwili hauzitengenezi hizo, kwa hiyo zikionekana tu kesi imekwisha, huhitaji kiasi kamili. Tone likikauka, vimeng'enya vinavyovunja esta husimama, jambo ambalo kwenye damu ya maji ni shida. Lakini kupima testosteroni ya kawaida ya mwanamke kwa usahihi? Tone la mikrolita 20 kwa mtu wa 0.5 nmol/L lina pikogramu zisizofika 3. Juu ya hapo, damu nzito husambaa kidogo kwenye karatasi na damu nyepesi husambaa sana, na wanawake wetu wengi wana upungufu wa damu. Na kipindi cha masika karatasi haikauki kwa saa tatu. Ukiifunga ikiwa mbichi, hata ukitia vifuko vya silika, inaota ukungu.

bi_homoni

Niongeze moja kwa sababu ya huyo kiongozi, maana watu wanachanganya vitu viwili.

Kiwango cha 2.5 nmol/L kinachotajwa mitandaoni kilikuwa cha World Athletics, shirika la riadha la dunia, Machi 2023, kwa wanawake waliozaliwa na tofauti za ukuaji wa kijinsia. Kabla yake kilikuwa 5. Hiyo ilikuwa kanuni ya nani anastahili kushindana upande wa wanawake, kwa testosteroni ya mwili wake mwenyewe. Tangu 1 Septemba 2025 shirika hilo linataka kipimo cha jeni ya SRY, ile ya kromosomu Y, mara moja. Hakuna hata kimoja hapo kinachoitwa doping, yaani kutumia dawa zilizokatazwa. Kwa upande wa dawa, WADA haina namba moja ya testosteroni ya damu ambayo mwanamke akiivuka anahukumiwa. Programu inatazama vipimo vyake vya nyuma na kuchora mipaka yake yeye, ya juu na ya chini, na kila kipimo kipya kinaibana zaidi. Kikitoka nje, wataalamu wanakiangalia bila kujua jina, na mara nyingi mkojo wake hupelekwa kwenye kipimo cha isotopu za kaboni, kwa sababu testosteroni ya kiwandani hutokana na mimea kama soya na kaboni 13 yake ni pungufu. Yote hayo hufanywa na maabara iliyoidhinishwa na WADA, kama ile ya Bloemfontein, Afrika Kusini. Karatasi ya hospitali, hata ya spektrometa nzuri, haimtii mtu hatiani wala haimsafishi.

Na kama namba 4 atasema alimeza norethisteroni, mwandikie kwenye fomu yake ya dawa sasa hivi, kipimo na tarehe. Haijakatazwa. Lakini huacha alama ndogo ya 19-norandrosteroni kwenye mkojo, ile ile inayotafutwa kwa nandroloni, na maabara ya udhibiti ikijua hutazama pia mabaki ya norethisteroni yenyewe ndipo ihukumu.

benchi_pemba (Chake Chake)

Ameulizwa. Norethisteroni miligramu 5, mara tatu kwa siku, siku 12, alikuwa anajiandaa na Umra. Alikuwa kwenye kidonge siku ya damu.

kromato_unguja

Basi toa jibu la spektrometa, 0.7, na la imunoasei lifute kwenye faili lake kwa mstari mmoja, sahihi na tarehe, sababu ikiandikwa pembeni. Mchukue tena hedhi mbili baada ya kuacha vidonge, saa ile ile, na androstenedioni ipimwe pamoja. Hiyo ndiyo iwe nukta yake ya kwanza.